Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Siku hizi, katika hoteli nyingi za watalii, mgeni akiingia chumbani hukuta kadi ndogo ukutani mwa bafu. Kadi hiyo yamwomba hivi: kama taulo lako lafaa kutumika tena, litundike, ukitaka lifuliwe, liweke sakafuni. Kisha yaongeza kwamba kwa kulitundika mgeni atasaidia kuilinda dunia. Kadi ni ndogo, lakini ndani yake mna swali kubwa la haki na wajibu. Twaona yafaa tulitafakari pamoja, maana wengi wa waumini wa parishi zetu wana watoto wao, dada zao au waume zao katika kazi za hoteli, na wengine wetu hulala humo tunapokwenda kwenye mikutano na semina.

Swali lenyewe ni hili. Mwenye hoteli akiokoa maji na umeme, na fedha zilizookolewa zikabaki mfukoni mwake, je, ametenda jambo jema, au amefanya biashara tu? Naye mgeni aliyetundika taulo lake, amemsaidia nani? Wako wanaosema, "Hiyo ni hila ya matajiri, haituhusu." Wako pia wanaosema, "Jema ni jema, usiulize zaidi." Sisi twaona kwamba pande zote mbili zimeshika sehemu ya kweli, lakini hakuna iliyoishika yote.

Akiba yenyewe ni ya kweli

Kwanza tukubali kwamba akiba hii si maneno matupu. Hoteli ni mlaji mkubwa wa umeme na maji. Kazi yake ni kumpa mgeni ubaridi wakati wa joto, maji ya moto saa yoyote atakayo, shuka safi, na chakula kisichooza. Kila moja katika hayo lina gharama yake.

Tuchukue mfano wa maji ya moto. Kupasha lita 100 za maji kutoka nyuzi 25 za joto hadi nyuzi 60 kwahitaji umeme wa uniti 4 hivi. Kwa uniti hizo hizo 4, taa ndogo ya LED ya wati 9 ingeweza kuwaka zaidi ya saa 400, yaani saa tano kila jioni kwa muda wa karibu miezi mitatu. Mtoto angeweza kusomea taa hiyo muhula mzima kwa umeme ulioishia katika tangi moja la maji ya kuoga. Basi tukumbuke kwamba katika hoteli nyingi shuka na taulo hufuliwa kwa maji ya moto, hukaushwa kwa mashine, kisha hupigwa pasi. Taulo moja lisilofuliwa ni maji, ni sabuni, ni umeme. Na hoteli yenye vyumba 100 haina taulo moja.

Kadhalika ziko njia nyingine. Iko kadi ya mlango ambayo mgeni huichomeka ukutani ili taa na kiyoyozi viwake, naye akitoka nayo vyote huzimika. Ziko hita za maji zinazotumia jua juu ya paa. Ziko shawa zinazotoa maji kidogo lakini yakamtosha mtu kuoga. Iko desturi ya kuweka kiyoyozi katika nyuzi 24 au 25 badala ya 18, na kufunga madirisha kinapofanya kazi. Hakuna hata moja katika haya ambalo lamfanya mgeni ateseke.

Wala tusidhani kwamba haya ni mambo ya ugenini. Waliojenga nyumba za zamani za Mji Mkongwe wa Zanzibar hawakuwa na viyoyozi, lakini walijua kuishi na joto. Walijenga kuta nene za mawe na chokaa, dari ndefu, na uwanja katikati ya nyumba ili hewa ipande na kutoka. Huko mashambani paa la makuti lilifanya kazi hiyo hiyo kwa gharama ndogo. Siku hizi jengo la vioo vitupu huelekezwa kwenye jua la magharibi, kisha hununuliwa mashine za kulipooza. Hapo uharibifu umeanza kwenye ramani ya nyumba, kabla mgeni hajafika na kuombwa atundike taulo.

Neno juu ya nia

Lakini wenye mashaka nao wana neno. Mwaka 1986 Mmarekani mmoja mpenda mazingira, Jay Westerveld, aliandika makala akizishutumu hoteli kwa sababu ya kadi hizi hizi za taulo. Alisema kwamba hoteli zilimsihi mgeni aiokoe dunia, huku zenyewe zikifanya machache sana ya kupunguza uharibifu wao, na kwamba kilichotafutwa hasa ni kupunguza gharama ya kufua. Makala hiyo ndiyo yatajwa kuwa chanzo cha lile neno la Kiingereza linalowataja watu wajipakao rangi ya kijani ili waonekane watunzaji wa mazingira.

Sisi tusomao Injili twalijua jambo hili kwa namna nyingine. Katika Injili ya Yohana, manukato ya thamani yalipomwagwa miguuni pa Bwana, aliyesimama kutetea akiba alikuwa Yuda. Alitaja maskini. Hesabu yake ilikuwa sahihi, maana manukato yale yangeliweza kuuzwa. Lakini mwandishi wa Injili atuambia kwamba mfuko ulikuwa mkononi mwa Yuda, naye alikuwa akichukua vilivyomo. Basi mtu aweza kusema neno la haki juu ya ubadhirifu, akawataja wanyonge kwa sauti kubwa, na huku jicho lake liko kwenye mfuko. Hatuna budi kukumbuka hilo kila tusomapo kadi inayotuomba tujinyime kwa ajili ya wengine, na aliyeiandika ndiye atakayepokea kilichookolewa.

Je, ina maana kwamba nia ikiwa na doa, tendo lote limeharibika? Hapa twapenda kwenda polepole. Mkulima hupalilia shamba ili auze mahindi, na jirani akala mahindi hayo akashiba. Daktari hulipwa mshahara, na mgonjwa akapona. Tukingoja watu wenye nia safi kabisa ndio watunze maji, visima vitakauka tungali twangoja. Kisima hakiulizi kwa nini mtu amefunga bomba. Maji yaliyobaki yamebaki. Kwa hiyo hatusemi kwamba mwenye hoteli aache kuokoa mpaka kwanza moyo wake utakaswe. Na aokoe. Twasema tu kwamba baada ya kuokoa liko swali la pili, nalo ndilo zito zaidi: kilichookolewa kimekwenda wapi?

Kisima ni kimoja

Ili tulione swali hilo vizuri, twende pwani ya mashariki na kaskazini ya Unguja. Huko mawe ni ya matumbawe, na maji baridi yaliyo chini ya ardhi ni mvua iliyozama, ikakaa juu ya maji ya chumvi ambayo ni mazito kuliko yenyewe. Yakivutwa kwa pampu kupita kiasi, chumvi hupanda, na kisima huharibika kwa tajiri na kwa maskini pia.

Shirika la Uingereza liitwalo Tourism Concern, ambalo sasa limekoma, lilitoa taarifa mwaka 2012 iliyogusa vijiji vya Kiwengwa, Nungwi na Jambiani. Taarifa ilieleza kwamba wenyeji walikuwa wakitumia wastani wa lita 93 hivi za maji kwa siku katika kaya nzima. Chumba kimoja katika nyumba ndogo ya wageni kilitumia lita 686. Chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano kilitumia lita 3,195. Msomaji na azipange hesabu hizi tatu juu ya meza yake, azitazame.

Sasa tuseme hoteli ile ya nyota tano yatangaza kwamba imepunguza matumizi yake ya maji kwa theluthi moja. Si kazi ndogo, na yastahili kusifiwa. Lakini chumba chake bado chatumia zaidi ya lita 2,000. Na kama lita zile elfu moja zilizookolewa zimepelekwa kujaza bwawa la pili la kuogelea, basi hapana kilichookolewa, kimehamishwa tu. Mama wa kijijini aliyekuwa akiamka alfajiri kufuata ndoo bado aamka alfajiri. Yeye hakujua kwamba dunia ilikuwa ikiokolewa karibu na nyumba yake.

Hatusemi haya ili kuwatukana wageni, wala kutaka hoteli zifungwe. Watu wetu wengi hula kwa kazi hizo. Lakini Kiswahili chetu kina methali ambayo yafaa iandikwe juu ya kila mlango wa mapokezi: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali haikusema mgeni njoo, mwenyeji apate mshahara peke yake. Imesema apone. Mgeni akija, na baada ya kuja kwake kisima cha mwenyeji kina chumvi, mwenyeji hakupona hata kama ana fedha mfukoni.

Umeme nao ni ndugu wa maji. Mwezi Mei 2008 Unguja ilikosa umeme wa kutoka bara kwa muda wa karibu mwezi mmoja, na tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, karibu miezi mitatu. Hoteli zenye jenereta ziliendelea kuwa na mwanga. Lakini watu wa kawaida waligundua kwamba hawakukosa taa tu. Pampu za maji zilisimama, na bomba likakauka. Mwaka 2013 waya mpya, wenye nguvu zaidi, ulianza kupeleka umeme kisiwani kupitia chini ya bahari. Hata hivyo somo halikuondoka pamoja na giza: tunapotumia umeme, wote tumeshika kamba moja.

Mizigo ya akiba humwangukia nani?

Liko jambo jingine ambalo kadi ile haitaji. Tuseme kwa sababu ya mataulo yaliyotundikwa, kazi ya kufua imepungua. Katika hoteli fulani dobi hulipwa kwa siku anazoitwa, au kwa wingi wa nguo. Sasa aitwa siku nne badala ya sita. Mgeni amejinyima taulo jipya, na hilo si jambo la kumwumiza. Mwenye hoteli ameongeza faida. Aliyelipa kwa kweli ni dobi, na hakuna aliyemwekea kadi ya kumwomba ridhaa yake.

Je, basi tuendelee kupoteza maji ili dobi apate kula? Hasha. Kazi isiyohitajika haiwi heshima kwa mtu. Lakini haki yadai kwamba akiba iliyopatikana kwa kupunguza kazi yake imfikie na yeye kwanza: apewe kazi nyingine katika nyumba ile ile, au afundishwe ufundi, kwa mfano kutunza hita za jua na kusoma mita. Mhudumu wa vyumba ndiye ajuaye ni bomba lipi lavuja na ni friji ipi haifungi sawasawa. Meneja mwenye busara humwuliza, na akiba ikipatikana humpa sehemu yake.

Mfano mmoja waonyesha kwamba jambo hili lawezekana. Karibu na mji wa Zanzibar kiko kisiwa kidogo cha Chumbe, ambacho miamba yake ya matumbawe iliwekwa chini ya hifadhi mwaka 1994. Hapo pana nyumba saba tu za wageni. Paa la kila nyumba limeundwa ili likusanye mvua na kuipeleka katika tangi chini ya sakafu. Umeme ni wa jua, na maji hupashwa kwa jua. Vyoo havitumii maji. Uchafu hugeuzwa kuwa mboji. Maji ya kuogea hupitishwa katika vitalu vya mimea kabla hayajarudi ardhini, ili yasidhuru bahari. Wavuvi wa vijiji vya jirani walifundishwa kuwa walinzi wa matumbawe, na mapato ya wageni husaidia kuwaleta watoto wa shule kujifunza juu ya bahari yao wenyewe.

Ni kweli, mahali pale ni padogo, na wengi wetu hatungemudu bei yake. Hatusemi kila hoteli yaweza kuwa Chumbe. Ila twaona pale jibu la swali letu. Ukiuliza kilichookolewa kimekwenda wapi, waonyeshwa kwa kidole: kile pale, majini, na yule pale, mtoto mwenye daftari.

Pengine mtu atasema

Pengine mtu atasema, "Mimi nimelipa. Fedha yangu, maji yangu." Twamjibu kwamba alilipia chumba, kitanda na utumishi. Hakuna awezaye kulipia mvua iliyonyesha miaka mingi iliyopita ikazama ardhini kwa ajili ya wote. Ankara huonyesha gharama ya kuvuta maji. Haionyeshi gharama ya kuyakosa kwa yule wa nyumba ya pili.

Mwingine atasema, "Zamani kuokoa umeme kulikuwa na maana. Sasa tuna Bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji, lililojengwa kwa uwezo wa megawati 2,115, na mashine yake ya kwanza ilianza kazi mwaka 2024. Umeme upo. Kwa nini tujibane?" Hili ni swali la haki. Lakini na tukumbuke ni lini Bwana wetu aliagiza vipande vikusanywe. Hakuagiza wakati wa njaa. Aliagiza baada ya watu elfu tano kula na kushiba, wakati mikate ilikuwa imezidi, na ndipo vikajazwa vikapu kumi na viwili. Mwenye njaa hukusanya makombo bila kuagizwa. Agizo lamhusu aliyeshiba, kwa kuwa yeye ndiye asahauye. Umeme ukizidi mahali pamoja, bado kuna kitongoji ambacho nguzo hazijafika, na zahanati inayohitaji friji ya chanjo.

Wa tatu atasema, "Mimi ni mtu mmoja, taulo langu litafanya nini?" Huyu twamjibu kwa utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 na wataalamu Goldstein, Cialdini na Griskevicius. Katika hoteli moja waliweka kadi za namna mbili. Ya kwanza iliwaomba wageni wayalinde mazingira, na wageni 35 hivi katika kila 100 walitumia taulo zao tena. Ya pili iliwaambia tu kwamba wengi wa wageni wenzao hufanya hivyo, na 44 katika kila 100 wakafanya. Maana yake ni kwamba watu humtazama jirani kuliko wanavyosikiliza hotuba. Basi anayesema yeye ni mmoja tu, ajue kwamba mwenzake anamtazama.

Yatupasa tufanye nini?

Tuanze na sisi wenyewe tunapokuwa wageni. Wazee walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Walijua kwamba mgeni naye ana wajibu katika nyumba aliyofikia. Lakini mara nyingi twaona kwenye semina, hata za kanisa, watu waendao kula huku wameacha kiyoyozi kikiunguruma katika ukumbi mtupu, na mtu ambaye nyumbani kwake huzima taa moja moja kwa kuogopa Luku kwisha, hotelini huwasha zote kwa kuwa alipaye ni mwingine. Kama kuokoa kwetu nyumbani kulitokana na mfuko peke yake, hotelini ndipo moyo wetu hujulikana.

Parishi na dayosisi zenye nyumba za wageni nazo zisiwasubiri matajiri. Zianze na yasiyo na gharama kubwa: kuziba bomba linalovuja, kubadili balbu za zamani, kuanika nguo juani badala ya kuzikausha kwa mashine, kukinga mvua ya paa. Kisha mita isomwe kila mwezi, na hesabu isomwe mbele ya halmashauri ya kanisa, na ikubaliwe mapema kwamba akiba itakwenda mahali fulani panapojulikana.

Nao waumini wetu walio mameneja, wahasibu na wakuu wa idara katika hoteli, twawaomba waulize maswali matatu kila mpango wa kuokoa unapoletwa mezani. Je, matumizi yamepungua kweli kwenye mita, au kwenye matangazo tu? Je, mzigo wa kuokoa umebebwa na nani? Na je, kilichookolewa kimekwenda wapi? Mpango ukijibu vizuri swali la kwanza tu, ni biashara nzuri, na biashara nzuri si dhambi. Lakini usiitwe wema mpaka umejibu la pili na la tatu.

Basi taulo na litundikwe. Twalitundika kwa moyo mweupe, tukijua kwamba ni jambo dogo na kwamba haba na haba hujaza kibaba. Ila tukiisha kulitundika tusione tumemaliza. Tukishuka mapokezi, tuulize kwa adabu maji ya hoteli hii yatoka wapi, na kijiji cha hapo nyuma chapata maji mara ngapi kwa wiki. Swali hilo likiulizwa na mgeni mmoja, meneja atatabasamu na kubadili maneno. Likiulizwa na wageni kumi, ataanza kutafuta jibu. Mungu atupe ujasiri wa kuuliza, na unyofu wa kukubali kuulizwa sisi pia.